Aulizwe Mwenye Nyonga

Kijiji cha Dolgol,
Gyeongsang Kaskazini,
Korea.
Tarehe 21 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Sun-rye,

Niwie radhi kwa ukimya wangu. Barua zako mbili ziko hapa mezani, ile ya Pasaka na ile ya mwezi wa saba. Kila Mama Gi-hyeon anapofuta vumbi huziinua, huniangalia, kisha huzirudisha palepale bila kusema neno. Mke akikaa kimya namna hiyo kwa miezi mingi, mume mwenye akili huchukua kalamu.

U hali gani huko Essen? Magoti yanakuruhusu kushuka ngazi, au bado unashuka kinyumenyume kama ulivyosema? Presha je? Natumaini Mina na watoto wake ni wazima, na kwamba yule mdogo ameacha kuuma wenzake shuleni.

Sisi huku hatujambo. Mama Gi-hyeon anakohoa asubuhi, lakini kikohozi hakimzuii kugombana na jirani kuhusu mpaka wa bustani. Pilipili zimeanikwa uani, zimejaa ua mzima, nyekundu tupu, hivyo siwezi kupita na kigari changu cha kutembelea bila kuzikanyaga. Nimefungiwa barazani kama mbuzi. Mti wa gam alioupanda mama umezaa sana mwaka huu. Matunda yakishamenywa na kukauka nitamwambia Gi-suk akutumie.

Sasa nieleze kwa nini sikuandika. Sikuandika kwa sababu sikuwa na habari yoyote ila wivu. Mara kadhaa nilianza barua, na kila nilipofika aya ya pili jina la Tae-yun lilikuwa limekwisha kuingia. Nikazichana. Nilijiambia kwamba mtu aliyetumia maisha yake kuwafundisha watoto sarufi na insha hawezi kulipia stempu ili kijicho chake kipande ndege mpaka Ujerumani. Leo nakipandisha, maana kuna jambo nataka kukuuliza, na huwezi kulijibu sawasawa usipojua wivu wenyewe ulitoka wapi.

Januari ya mwaka jana Gi-suk alikupigia simu. Najua alivyokuambia, kwa kuwa nilikuwa nimelala karibu yake akikuambia: Baba ameteleza, amevunjika nyonga, amepasuliwa, anaendelea vizuri. Maneno machache, yote sahihi kwa sarufi, na yale ya mwisho si kweli.

Niliteleza kwenye lile jiwe la kuvulia viatu, chini ya baraza. Usiku ule barafu ilikuwa imeliganda. Gari la wagonjwa lilinifikisha hospitali ya wilaya kabla ya saa sita mchana, na daktari wa mifupa, kijana mpole, akaiweka picha kwenye taa. Akasema shingo ya mfupa imepata ufa lakini haijaachana. Ikikazwa mapema kwa skrubu, itashika. Mpaka hapo sina neno naye. Kisha akanipa kisogo, akamwuliza Mama Gi-hyeon, "Mlezi wa mzee ni nani?"

Mimi niliyelea watoto watatu nikaambiwa nina mlezi, na mlezi wangu ni Gi-hyeon, na Gi-hyeon yuko Seoul.

Alifika jioni. Akasema hawezi kukubali kisu peke yake mpaka awasikie wadogo zake. Gi-tak kwa simu kutoka Busan akasema mzee wa umri ule hakatwi, akikatwa ndiyo basi. Gi-suk akalia. Gi-hyeon akasema tusifanye pupa, haraka haraka haina baraka. Siku iliyofuata wakaanza tena. Yote hayo yalisemwa juu ya kitanda changu, kama watu wanaopatana bei ya ng'ombe na ng'ombe mwenyewe yupo anasikiliza. Hakuna aliyesema, "Baba, wewe unataka nini?" Nami nilinyamaza. Ndivyo tulivyolelewa, wewe unajua: baba mwenye watoto wema hajisemei.

Walipokwisha kukubaliana, ikawa lazima daktari wa moyo aseme kwamba moyo wangu utastahimili, naye huja wilayani kwa zamu. Alipokuja akasema utastahimili, na daktari wa usingizi akawa na wagonjwa wengine. Kila alfajiri niliambiwa nisile, leo ndiyo leo. Kila jioni nililetewa uji wa mchele, nikaambiwa kesho. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo. Langu liliuma, na nyonga nayo.

Hatimaye nikapasuliwa. Kesho yake akaja muuguzi, msichana mwembamba, akasema, "Babu, tuketi, kisha tusimame kidogo." Gi-hyeon akamzuia mlangoni.

"Dada, una wazimu? Huyu ni mzee. Amekatwa jana."

"Ni kwa faida yake, kaka."

"Faida yake ni kupumzika. Tafadhali."

Muuguzi akaondoka. Gi-hyeon akanifunika blanketi kwa mikono miwili, kama ipasavyo kumpa mkubwa kitu, akalikunja vizuri miguuni. Kwa heshima hiyo nikalazwa. Kutoka hapo nikahamishiwa hospitali moja ya wazee, nikakaa huko mpaka watu walipoanza kupanda pilipili. Sikuteswa. Nililishwa, nikafutwa, nikageuzwa kushoto na kulia. Tatizo ni moja: hakuna aliyenisimamisha. Nilipotoka miguu yangu ilikuwa kama vijiti vya kulia chakula.

Sasa Tae-yun. Huyu mtoto wa baba yetu mdogo uliyekuwa ukimbeba mgongoni akikupaka kamasi shingoni, alianguka mwezi wa pili, majira yaleyale ya baridi, mjini Daegu anakokaa na mwanawe. Aliteleza kwenye bafu la umma akiwa uchi kabisa, jambo ambalo halimzuii kulisimulia mbele ya wanawake. Nyonga ileile, upande uleule wa kushoto. Mfupa wake ulivunjika chini kidogo ya wangu, na vibaya zaidi. Nataka ulikumbuke hilo: vibaya zaidi.

Hospitali aliyopelekwa ina utaratibu. Daktari wa mifupa na daktari wa wazee walimwona pamoja, saa ileile, hakuna aliyemngoja mwenzake. Nao pia, maana ni watu wa nchi hii, wakageuka kumtafuta mlezi. Mwanawe alikuwa kazini. Aliyekuwepo ni mkwe wake, Gyeong-ran, yule mwuza samaki ambaye wanawake wa ukoo wetu humwita Shoka kwa ajili ya mdomo wake. Wakamwuliza kama anakubali mzee apasuliwe.

"Mbona mnanitazama mimi?" akawaambia. "Nyonga ni yake. Muulizeni yeye, masikio hayajavunjika."

Wakamwuliza. Tae-yun akasema, "Kateni." Wakakata kesho yake asubuhi.

Siku ya pili Gyeong-ran akaja na aproni yake ya sokoni, inanuka chumvi, akamkuta baba mkwe amejifunika gubigubi.

"Baba, inuka."

"Niache, mwanangu. Ninakufa."

"Ukifa, kufa umesimama. Inuka upesi, nimeacha samaki juani."

Tae-yun anakiri kwamba alimtukana matusi ambayo baba mkwe hapaswi kuyajua. Mkwe akamshika kiunoni, mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamshika upande wa pili, wakamsimamisha. Kesho yake hatua za kufika mlangoni. Siku nyingine hatua za kufika chooni, naye anaapa kwamba choo hakijawahi kuwa kizuri namna ile. Wakampa na dawa ya kukaza mifupa, na mtu akatumwa nyumbani kwake kutazama vizingiti na taa kabla hajarudi. Mwezi wa tano nilipokuwa nageuzwa kushoto na kulia, Tae-yun alikuja kunitazama. Alikuja kwa miguu kutoka kituo cha basi. Akaniletea juisi ya peasi.

Mdogo wangu, katika maisha haya nimemwonea wivu Tae-yun kwa mambo kadhaa. Alikuwa na sauti nzuri kuliko yangu, na nywele zake hazijapungua. Lakini sikuwahi kudhani kwamba nitafika uzeeni nimwonee wivu kwa sababu ya mkwe mkorofi. Mke wa Gi-hyeon ni mwanamke wa adabu. Hajawahi kuniinulia sauti, hunipa kikombe akiwa ameinamisha macho. Angeniacha nioze kwa adabu.

Haya yote ningeyameza. Lililonishinda ni tambiko la mwezi wa kumi.

Huhitaji kuelezwa njia ile ya misonobari inayopanda kwenye kaburi la mzee wetu wa kwanza, wala nani humimina kikombe cha kwanza cha pombe. Kilikuwa cha baba, na tangu baba alipofariki kimekuwa changu, kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa kwanza wa tawi kuu. Mwaka jana nilifika chini ya mlima kwenye gari la Gi-hyeon. Kigari changu hakipandi mizizi. Gi-tak alisema wangenibeba, wakapima mteremko kwa macho, nami nikasema nimechoka, wapande tu.

Nikabaki garini, kipasha joto kikivuma, Mama Gi-hyeon ananimenyea karanga za msonobari ambazo sikuzitaka. Gari lilikuwa limeegeshwa palepale ulipokuwa ukiachwa wewe na vikapu tulipokuwa watoto, kwa kuwa wasichana hawakupanda. Sijawahi kukuuliza ulikuwa ukiwaza nini pale.

Huko juu nikasikia sauti ya mwongozaji: inameni, simameni, inameni. Sauti inateremka vizuri sana kwenye bonde lile. Nikahesabu moyoni nani amepiga magoti na nani anamimina. Aliyemimina alikuwa Tae-yun, anayenifuata kwa umri kati ya wanaume wa ukoo. Nikainama nilivyoweza, mkanda wa kiti ukanizuia kifuani.

Waliposhuka alikuja moja kwa moja dirishani kwangu.

"Kaka, tumemaliza. Sikukosea hata neno."

"Vizuri."

"Nilimwaga kidogo."

"Ni baridi," nikamwambia.

Magotini mwake, kwenye kitambaa cheupe, kulikuwa na sindano za msonobari zimeng'ang'ania. Sijawahi kukitazama kitu cha mtu kama nilivyozitazama zile sindano. Nilitaka kuzing'oa moja moja. Mwezi mzima baada ya hapo sikupokea simu yake.

Majira ya kuchipua mwaka huu kukawa na jambo jipya. Hospitali yetu ya wilaya imeingizwa katika mpango wa majaribio wa taifa kuhusu wazee wanaovunjika nyonga. Kabla ya kuanza, wakubwa wakaita mkutano katika ukumbi wa wilaya. Mtaalamu kutoka Seoul alituonyesha picha ukutani: mzee afikishwe, aondolewe maumivu mapema, aonwe na madaktari wote wanaomhusu kwa pamoja, apasuliwe ndani ya siku mbili, asimamishwe kesho yake, apewe dawa ya mifupa ili asivunjike tena, na afuatwe mpaka nyumbani. Kila hospitali itaandika wagonjwa wake wote, waliotembea na wasiotembea, na takwimu zitalinganishwa nchi nzima, ili atakayechelewa ajulikane. Nikakumbuka ulivyoniandikia kwamba huko kwenu sheria inadai saa ishirini na nne. Nilikaa kwenye safu ya wenye magurudumu nikitazama picha zile. Ndugu yangu, niliwaonea wivu hata watu ambao bado hawajaanguka.

Kisha wakamwita shahidi, na shahidi ni nani? Tae-yun. Alipanda jukwaani bila mkongojo. Akasimulia yote, bafu la umma likiwamo, na akaeleza kwamba siri ya kupona ni moyo wa kiume na kutojidekeza.

Kutoka nyuma ya ukumbi sauti ikasema, "Baba, sema kweli. Ulinitukana, ukaomba kufa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tae-yun naye akacheka, akamwinamia mkwe wake kutoka jukwaani, jambo ambalo sijaona baba mkwe wa ukoo wetu akilifanya. Nikamwonea wivu tena, mara hii kwa kile kicheko.

Baadaye mtaalamu akauliza kama kuna familia yenye maoni. Ofisa mmoja akanijia na kipaza sauti, akamwinamia Mama Gi-hyeon, akamwuliza, "Mama, mzee anasikia? Ana la kusema?"

"Mzee anasikia," nikajibu mwenyewe, na kipaza sauti kikaipeleka sauti yangu mpaka nje. "Picha zenu ni nzuri. Mmetaja daktari wa mifupa, wa wazee, wa usingizi na wa moyo. Mmemtaja mlezi mara nyingi. Sijaona picha ya mtu anayemwuliza mwenye nyonga. Mimi nilichelewa huku ninyi mnamtafuta mtu wa kunisemea, na ulimi wangu ulikuwa mzima. Aulizwe mwenye nyonga kwanza, halafu ndipo hao wengine."

Hawakunipigia makofi, maana wana wengi wa kwanza walikuwamo ukumbini, wa kwangu pia. Gi-hyeon alitazama barabara tu njia nzima ya kurudi. Lakini nilimwona daktari mmoja mwanamke akiandika. Anaitwa Maeng, ndiye daktari mpya wa mifupa wa hospitali yetu.

Ukafika mwezi wa saba, na hapa ndipo penye swali langu. Nyonga ilianza kuuma upya, uchungu wa ndani kabisa, hata nikiwa nimekaa. Tukaenda hospitali, mimi na Gi-hyeon. Daktari Maeng akatazama picha, akatoka, akarudi na daktari wa wazee, wakatazama pamoja. Akasema kichwa cha mfupa kimekosa damu na kinakufa, skrubu hazina kitu cha kushika. Gi-hyeon akauliza kwa sauti ndogo kama ni kwa sababu tulichelewa. Daktari akasema hakuna awezaye kuapa. Huenda kingekufa hata kama ningepasuliwa siku ileile, ila kungoja hakukusaidia. Mwanangu akageuza uso ukutani. Sikumfurahia. Nilidhani nitamfurahia.

Kisha daktari akavuta kiti chake. Hakukivuta kwa Gi-hyeon, alikivuta kwangu, mpaka magoti yetu yakakaribiana.

"Mzee Eom, naweza kuuondoa mfupa huo na kukuwekea nyonga ya chuma. Moyo wako tumeupima, si mbaya, lakini una umri, na kisu ni kisu. Ikienda vizuri utatembea kwa mkongojo, na maumivu yataisha. Mwaka huu mlima hutaupanda. Mwaka ujao, ukifanya mazoezi, pengine."

"Na kupiga magoti?"

"Kupiga magoti mpaka chini, siwezi kukuahidi. Nyonga ya chuma haipendi kukunjwa sana."

Gi-hyeon akajikohoza. "Daktari, nadhani sisi watoto tutajadiliana, kisha..."

"Samahani," daktari akamwambia, bila kumwangalia. "Namwuliza mzee."

Sun-rye, maneno hayo niliyangoja mwaka na nusu. Niliyaonea kijicho yalipoambiwa mtu mwingine. Usiku na mchana nilijisemea kwamba laiti ningeulizwa, ningejibu neno moja kama Tae-yun. Nikaulizwa, na kinywa changu kikawa kitupu. Nikasema nipewe muda. Daktari akasema nisikae mno, nijibu baada ya sikukuu ya Chuseok.

Gi-hyeon amerudi Seoul. Anapiga simu kila jioni, anauliza kama nimekula, kisha anachelewa kukata. Gi-tak bado anasema mzee hakatwi. Mama Gi-hyeon anasema atapika kwa vyovyote vile.

Wiki iliyopita Tae-yun akaja, amebeba samaki wakavu kutoka kwa Gyeong-ran. Akaruka pilipili uani kama mbuzi, akaketi kwenye ukingo wa baraza, miguu juu ya lile jiwe.

"Kaka, una kinyongo nami tangu mlimani."

"Sina."

"Unacho. Mwezi mzima hukupokea simu."

"Basi ninacho. Nakuonea wivu. Umeridhika?"

Akacheka mpaka akatoa machozi. "Miaka yote nimekutazama ukimimina kikombe kile, nami nimepiga magoti nyuma yako natazama nyayo zako. Unajua nilikuwa nikiwaza nini? Kwamba huyu anamwaga." Akajifuta macho. "Sasa kimenijia, na tangu siku ile silali vizuri. Wakikuweka nyonga ya chuma, mwaka ujao panda. Wewe mimina umesimama, mimi nitapiga magoti kwa niaba yako."

Nikamwambia desturi haina kikombe cha watu wawili. Akasema desturi haikuwa na nyonga ya chuma pia. Nikamwambia asinichezee tambiko. Akasema, "Sawa, Kaka," akala gam moja mbichi, akakunja uso kwa ukakasi wake, akaenda zake kituo cha basi. Kwa miguu. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kona, na wivu wangu ukamsindikiza mpaka mbali zaidi.

Swali langu ni hili. Wewe umewauguza Wajerumani wenye mifupa iliyovunjika maisha yako yote ya kazi. Umewasimamisha wazee wakubwa kuliko mimi, wenye vitambi na makelele. Sikuombi huruma ya ndugu, hiyo ninayo ya kutosha humu ndani, imenilaza kitandani. Niambie kama ungemwambia mgonjwa asiyekuhusu: mtu wa miaka sabini na tisa, mwenye moyo usio mbaya, mkaidi, anayetaka kupanda mlima mmoja mara moja kwa mwaka hata kama hatapiga magoti akifika. Usiniamulie. Nimekwisha kuamuliwa vya kutosha. Niambie tu unachokijua, kizuri na kibaya, nami nitakibeba mwenyewe.

Na nijibu lile jingine pia, ukiwa na nafasi. Pale chini ya mlima, na vikapu, ulikuwa ukiwaza nini?

Nisalimie sana Mina na mumewe. Wabusu watoto, na yule mwenye meno mwambie babu yake wa Dolgol anamtaka akaume mkate. Mama Gi-hyeon anakusalimu na anasema ile krimu ya mikono uliyomtumia imekwisha. Gi-suk anakusalimu, Gi-tak pia. Gi-hyeon anakusalimu kwa unyenyekevu; usimkemee ukimpigia simu, anajikemea vya kutosha. Tae-yun angependa nikuambie kwamba bado ana nywele zote.

Wazee wetu wakulinde huko ugenini, wakupe usingizi mzuri na sakafu isiyoteleza, na wakujalie kuona mwezi wa Chuseok ukiwa mpevu kama tutakavyouona sisi.

Daktari anataka jibu baada ya sikukuu, nami sijalipata. Nikishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo, kabla sijampigia simu Gi-hyeon, kabla sijamwambia Tae-yun. Wa kwanza kujua utakuwa wewe uliyeachwa chini ya mlima.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye tangu ulipokuwa ukibebwa,

Eom Tae-sik